Muulize Shangazi: Hizi hasira nizipeleke wapi?

Wapenzi wasomaji, safari hii nimeokota barua tatu ambazo ukizisoma harakaharaka utadhani hazihusiani, lakini zote zinalia kitu kimoja, hasira. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, mnivumilie, nina sababu zangu.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili nina miaka 33 naishi Tanga, ni fundi cherehani nashonea hapahapa nyumbani barazani. Tangu utoto najulikana mpole, hata wakati naolewa mama mkwe alisema mwanawe kapata mke asiyenyanyua sauti, na kweli miaka 9 sijawahi kumjibu mume wangu vibaya. Sasa mwezi wa 12 tulivunja kikoba nikapata laki 6, nikaziweka kabatini nasubiri kununua ovaloki maana nguo za wateja napeleka kupigwa ovaloki kwa mtu mwingine na kila siku namlipa yeye. Natoka sokoni nakuta hela haipo, mume wangu kampa mdogo wake akatengeneze bodaboda, anasema itarudi. Nikamwambia haina shida. Miezi 4 sasa haijarudi hata senti. Tangu siku hiyo usingizi hauji, kichwa kinagonga, na juzi mwanangu wa miaka 5 kamwaga uji kwenye kitambaa cha mteja nikampiga na mwiko mpaka jirani akaja kunishika mkono, nikajiogopa mwenyewe. Mume wangu aliporudi akaambiwa, akanikalisha chini akasema siku hizi nimebadilika nina hasira nitafutiwe dawa. Nimelelewa kwamba hasira hasara. Nisaidie nizitoe nirudi kama zamani.
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama palepale, pale uliposema "haina shida". Ilikuwa na shida. Laki 6 za mwaka mzima wa kununua hisa kila wiki, pengine kuna wiki ulikula mkavu ili hisa itimie, zimechukuliwa kabatini bila hata kuulizwa, na mdomo wako ukasema haina shida wakati mwili wako wote unasema ipo. Kichwa kinachogonga ndo hicho kinasema.

Kwanza tumalize la mtoto maana hilo halisubiri. Leo hii, sio kesho, mkalishe mapajani umwambie mama alikosea, mama alikuwa na hasira na jambo jingine kabisa na we hukustahili kupigwa vile. Wapo watakaokwambia mzazi haombi radhi kwa mtoto, mi nakwambia omba, mtoto wa miaka 5 asipoambiwa hasira ilitoka wapi atajua imetoka kwake, na ataishi hivyo akiamini kuwa yeye ndo mbaya.

Sasa twende kwenye hasira yenyewe. Unataka uitoe urudi kama zamani, na mimi hapo sikusaidii, nisamehe sana. Hiyo hasira ni mjumbe, kaja kugonga mlango kakuta mwenye nyumba anajifanya kalala, anagonga miezi 4, mwisho kapita dirishani kamkuta mtoto na uji wake. Ungemfungulia siku ya kwanza asingevunja kitu. Na barua aliyoibeba ni fupi tu, inasema jasho lako lina thamani na mtu kalipita kama halipo. Mtu asiyejithamini hakasiriki akinyang'anywa, anakubali tu. We umekasirika maana yake ndani bado unajua haki yako iko wapi, na hilo mimi nalifurahia.

Hebu angalia hata mwili unavofanya. Ukikasirika moyo unaenda mbio, damu inakimbilia mikononi, macho yanakaza, nguvu inakuja ambayo dakika moja nyuma hukuwa nayo. Hofu inakurudisha nyuma, huzuni inakulaza, hasira inakusogeza mbele kwenye kile kitu kilichokukwaza, ndo maana wataalamu wa saikolojia wanaiweka kwenye kundi la hisia zinazomfanya mtu aendee jambo badala ya kulikimbia. Hiyo nguvu tumepewa tukaifanyie kazi. We umeifungia kabatini palepale ilipokuwa hela.

Najua methali ya hasira hasara, wote tumeimeza na uji. Lakini wahenga hawakuishia hapo, watu wa pwani tuna nyingine, hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mkizi anakasirika anaruka juu kwa ghadhabu anaangukia ndani ya ngalawa, mvuvi wala hajatupa wavu kashapata kitoweo. Sasa rudi kwenye ile siku ya uji. Kabla hujashika mwiko, mwenye kesi nyumba ile alikuwa nani? Mumeo. Baada ya mwiko je? Wewe. Kikao kikakaa kuhusu hasira zako, dawa ikatafutwa kwa ajili yako, na laki 6 hakuna aliyeitaja, hata wewe hukuitaja. Sisemi mumeo kapanga, pengine na yeye kaona tu mke kabadilika akaogopa, ila ndivyo hasira iliyokosa njia inavyofanya kazi, inamwokoa yule iliyemkusudia na inamkamatisha mwenyewe.

Utasikia watu wanasema hasira haijengi. Mi nawauliza hao watu wanawakumbuka wale akina mama wa Nairobi mwaka 1992? Wengi walikuwa wazee, watoto wao wamefungwa kwa sababu za siasa, wakaenda kukaa Uhuru Park wakagoma kula wakidai waachiwe, mwanaharakati Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na virungu na mabomu ya machozi, Maathai akapigwa mpaka akapoteza fahamu, na baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya polisi, jambo ambalo kwa mila zao ni zito kupita tusi lolote, mwanamke wa umri wa mama yako kukuonyesha uchi wake kwa hasira ni laana. Hawakuishia hapo. Wakahamia kanisa la All Saints wakaendelea karibu mwaka mzima, na kufikia mwanzoni mwa 1993 wengi wa wale vijana walikuwa wametoka. Sasa ile ilikuwa nini kama sio hasira? Tena hasira inayojua inamtaka nani na inataka nini. Hawakupiga wajukuu nyumbani. Walienda mpaka mlangoni kwa mwenye ufunguo.

Hapo ndo nataka ufike, kwa mwenye ufunguo.

Na usiogope kwamba kumwambia mumeo umekasirika ndo mwisho wa ndoa. Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Marekani anaitwa James Averill, alikuwa Chuo Kikuu cha Massachusetts, miaka ya 1980 mwanzoni alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya, badala ya kuchunguza hasira kwenye maabara akawauliza watu wa kawaida wasimulie hasira zao za kila siku. Akakuta watu mara nyingi wanamkasirikia mtu wanayemjua na kumpenda, na lengo lao mara nyingi ni kutaka mambo yabadilike, kulipiza kisasi kunakuja nyuma. Kilichonigusa zaidi aliwauliza pia waliokasirikiwa, na wengi wakasema ilisaidia, wakaona kosa lao ambalo walikuwa hawalioni. Yaani mumeo inawezekana kabisa hajui. Utashangaa lakini inawezekana, wewe ulimwambia haina shida na yeye akakuamini, mwanaume gani atakaa miezi 4 anafikiria jambo aliloambiwa na mwenye nalo kuwa halina shida?

Sasa namna ya kusema. Sisi wanawake wa pwani tuna njia zetu, tunavaa kanga yenye maneno tunapita nayo uani mara tatu, tunaweka taarab sauti juu, tunamgombeza paka kumbe tunamsema mtu. Ni ufundi huo na siudharau, umewasaidia bibi zetu kusema yasiyosemeka. Lakini kwa hela ya ovaloki haufai. Fumbo linamfikia jirani, linamfikia wifi, yule mwenyewe anajifanya hajui kusoma. Hapa sema wazi. Chagua siku ambayo hana njaa wala hajatoka kugombana kazini, watoto wamelala, mwambie baba fulani nina jambo. Sema lililotokea bila kuongeza chumvi, ulichukua laki 6 zangu bila kuniuliza. Sema ulivyojisikia, niliumia na nimekasirika mpaka leo, nilikosea kukwambia haina shida. Halafu sema unachotaka, na hapa ndo wengi tunaharibu, tunalia tunalalamika tunarudi kulala bila kusema tunataka nini. Nataka hela irudi, tukubaliane kwa mwezi kiasi gani na nani analipa, yeye au mdogo wake, na kuanzia leo hela ya kikoba haiguswi bila mimi. Basi. Usiingize mama yake, usifukue ya mwaka juzi, usiseme "wewe siku zote", ukishasema siku zote yeye atatafuta siku moja ambayo hakufanya na mjadala utahamia huko.

Sauti ikitetemeka iache itetemeke. Chozi likitoka futa uendelee na sentensi.

Na uende ukijua umesimama pazuri. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema kuolewa hakubadilishi umiliki, chako kinabaki chako. Na kama ni Muislamu basi unajua zaidi yangu kwamba aliyochuma mwanamke ni fungu lake, imo ndani ya Qur'ani. Sikwambii umtupie vifungu mezani kama wakili, nakwambia ili moyo wako uache kukushtaki kuwa una roho mbaya.

Jambo moja nisilisahau. Haya yote ni kwa mume ambaye ukimwambia neno mtazungumza hata kama atanuna. Kwa msomaji mwingine ambaye mume wake ukimwambia hivi atainua mkono, tafadhali usikae naye peke yako umweleze hasira zako, hasira yako hapo inakwambia uondoke kwenye hatari, mwambie mtu unayemwamini, na vituo vingi vya polisi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto, ndo kazi yao.

Nikusimulie langu kidogo. Zamani kwenye kazi niliyokuwa nayo kabla ya hii, nilikuwa naandika ripoti usiku kucha halafu inatoka na jina la mkubwa wangu. Miaka miwili nacheka naye, nampikia chai. Tumbo likaanza kuniuma kila Jumapili jioni, hospitali wanapima hawaoni kitu. Siku moja nikaingia ofisini kwake nikamwambia ripoti hii nimeiandika mimi na nimekasirika kuona jina langu halipo. Hakuniomba radhi, sikudanganyi, alikasirika kuliko mimi. Lakini ripoti iliyofuata jina langu lilikuwepo, na tumbo Jumapili ile halikuuma. Niliipenda hasira yangu siku hiyo, nikajilaumu kwa nini nilimfungia nje miaka miwili.

Niandikie tena ukishaongea naye, hata kama yameenda vibaya.

SWALI: Shangazi shikamoo, mi ni kijana naendesha tuktuk Mombasa. Mimi tatizo langu sio kama la wale wanaomeza, mimi natema kila siku. Abiria akichelewa kutoa pesa nafoka, mwenzangu akinichomekea nashuka, wiki iliyopita nimepiga kioo cha tuktuk kwa ngumi nimeshonwa mkono. Rafiki yangu ameniambia hasira zikikaa ndani ni sumu nizitoe, ninunue lile gunia la boxing nilipige nikimfikiria aliyeniudhi. Ni kweli? Na nasikia siku hizi mnasema hasira ni nzuri, mbona mimi zinanimaliza?
Dereva, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mkono.

Rafiki yako anakupenda ila hilo gunia asikununulishe. Lilishajaribiwa. Mwaka 2002 mtafiti anaitwa Brad Bushman alichukua wanafunzi 600 wa chuo huko Marekani, akawafanya wakasirike, kila mtu insha aliyoandika ilirudishwa na matusi kuwa ni mbovu kupindukia. Kisha wengine wakapewa gunia wapige huku wanamfikiria aliyeisema vibaya insha yao, wengine wakapiga huku wanafikiria mazoezi ya mwili, na kundi la tatu likaambiwa likae tu kimya dakika 2. Unajua waliokuwa na hasira nyingi mwishoni ni nani? Waliopiga wakimfikiria mtu. Na waliotulia zaidi ni wale ambao hawakufanya kitu, walikaa. Kwa hiyo ukipiga huku unamuwaza mtu unaichochea kuni, we unadhani unazima.

Dakika 2, mwanangu. Mtume Muhammad alishafundisha hilo, ukikasirika umesimama ukae, isipoondoka ujilaze. Ukifikiria vizuri ni ushauri wa mwili kabisa, aliyekaa mkono wake uko mbali na kioo. Zima injini, kaa, hesabu pumzi.

Halafu nikujibu lile la pili maana ni swali zuri. Nilimwambia dada yako wa Tanga kuwa hasira ni mjumbe. Kwako mjumbe anakuja mara 20 kwa siku, kwa abiria, kwa mwenzako, kwa kioo, sasa hawa wote hawawezi kuwa wamekukosea jambo moja. Mi nahisi barua ni ileile moja inapelekwa anwani zisizo zake. Umeniambia hasira zako zote ila hujaniambia unalala saa ngapi, unakula saa ngapi, na jioni ukishampa mwenye tuktuk pesa yake wewe unabaki na nini. Kama unaamka alfajiri unazunguka na njaa mpaka saa 8 mchana na pesa yake haijatimia, basi abiria aliyechelewa kutoa shilingi 50 ni wa mwisho tu kwenye foleni, waliomtangulia ni wengi. Anza kuandika kwenye simu, kila ukiwaka andika saa ngapi na ulikuwa umekula nini. Wiki 2 tu. Utaona zinajikusanya wapi. Kama zinajikusanya jioni wakati wa kupeleka pesa, basi mazungumzo yako ni na mwenye chombo kuhusu kiasi anachodai, na hapo ndo nataka uipeleke hiyo hasira, ikiwa imevaa shati safi na ina hesabu mkononi.

Ukiona hata ukilala na ukila bado unawaka hivohivo, au umeanza kumpiga mtu badala ya kioo, nenda ukaongee na mshauri nasaha, hospitali kubwa huwa wanao. Hakuna aibu.

SWALI: Assalam aleikum shangazi. Niko Muscat nafanya kazi, kwetu Pemba. Mama amefariki mwezi wa 3, alikuwa mgonjwa mwaka mzima akawakataza ndugu zangu wasiniambie nisije nikaacha kazi. Nimeambiwa ameshazikwa. Kila mtu ananipa pole na mimi nalia lakini shangazi ukweli ni kwamba nina hasira, nina hasira na yeye. Na mama yangu nampenda kuliko kitu chochote. Nakosa usingizi nahisi nina dhambi.
Binti wa Pemba

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amlaze mama mahali pema.

Nimekusoma na nimelia. Huna dhambi ya kuumia. Daktari mmoja, Elisabeth Kübler-Ross, alikaa na wagonjwa wanaokaribia kufa akasikiliza, mwaka 1969 akaandika kuwa hasira ilikuwemo miongoni mwa mambo waliyopitia, wao na hata ndugu zao. Wengine baadaye walichukua maneno yake wakayafanya ngazi, kwamba leo hasira kesho huzuni keshokutwa umepona, usiyafuate hayo, msiba haupandi ngazi. Chukua hilo moja tu, kwamba hasira hukaa kwenye msiba na haimaanishi humpendi.

We ulikuwa na haki ya kumuaga mama yako. Ukanyimwa, tena na yeye mwenyewe, kwa mapenzi, na aliyekunyima hayupo umwambie. Hasira yako inadai ile haki, na inadai kwa ukali kwa sababu aliyekuwa anadaiwa ni mama. Kama angekuwa jirani kafa bila kukwambia ungekasirika hivi? Wala.

Kwa hiyo usiifukuze. Mwandikie barua, kwa mkono, kwa Kipemba chenu kilekile mlichokuwa mnaongea jikoni, mwambie mama kwa nini umenificha, mtukutie kama ulivyokuwa unamtukutia ulipokuwa mdogo. Usimwonyeshe mtu. Ukimaliza muombee dua, vyote viwili vinakaa kwenye moyo mmoja. Na ndugu zako uwaambie pia kwamba wamekuumiza kwa kunyamaza, taratibu, wao nao walibebeshwa siri na mgonjwa, haikuwa rahisi kwao.

Kisha Ijumaa usipokuwa zamu mpigie simu yule aliyekuwa anamuuguza. Muulize mama alikuwa anakula nini siku za mwisho, alikuwa analala upande gani, alikutaja akasema nini. Yeye alikuwepo, anayajua yote, na nina hakika anasubiri umuulize.